Tutakomboa Wakati

Ndani ya vitabu vya fizikia kuna gari moja ambalo sijawahi kulipanda. Linatoka mji A saa 2 kamili, halibebi kuku, halisimami ili mtoto akojoe, na mwendo wake ni kilometa 60 kwa saa mpaka mji B. Kutoka Lubumbashi hadi kwetu Likasi ni kama kilometa 120. Mwanafunzi anagawanya, anapata saa 2, anapewa alama zote.

Mimi nilipanda Hiace.

Sheria ya kwanza ya Newton, aliyoichapisha mwaka 1687, inasema kitu kilichotulia kitabaki kimetulia mpaka nguvu ya nje ikisukume. Newton hakufika Lubumbashi, ila alituelewa. Nguvu yetu ya nje ni abiria wa mwisho. Asipokuja hakuna kinachosogea, hata kama shofere amewasha mashine na kuingurumisha ili tudhani tunaondoka. Vijana wawili waliokuwa kiti cha mbele, tuliodhani ni wasafiri wenzetu, walishuka mara tu wenye safari walipotokea. Kazi yao ilikuwa kujaza gari machoni pa watu.

Sheria ya pili ndiyo yenye uchungu. Nguvu ya mashine ikibaki ileile na mzigo ukiongezeka, mchapuko unapungua. Juu ya paa tulibeba magunia ya unga na kitanda cha bibi harusi. Kwenye kilima kimoja, kijana aliyekuwa akisukuma baiskeli ya makala alikwenda nasi sambamba, akapata nafasi ya kutusalimia karibu wote. Kisha kuna peaji ya kulipia barabara, halafu malori ya migodini, ambayo ukikaa nyuma yake unajifunza subira na kula vumbi kwa pamoja.

Nusu ya njia, yaani kilometa 60, ikatumalizia saa 2. Mama mmoja aliyekuwa anawahi matanga Kikula, kule Likasi, akaanza kunung'unika.

“Mama, tulia,” shofere akamwambia. “Tutakomboa wakati.”

Watu wakatulia. Mimi nilishindwa, maana nilikuwa nimeshapiga hesabu. Ili safari nzima iwe na wastani wa kilometa 60 kwa saa, tulitakiwa kutumia saa 2 tu, na zote zilikuwa zimekwisha. Kilometa 60 zilizobaki zilitakiwa kwenda bila kutumia muda wowote. Hata mwanga, unaokimbia kama kilometa 300,000 kwa sekunde, ungechelewa kidogo. Nikamweleza hivyo, kwa heshima zote.

“Papa mwalimu, hiyo hesabu ni ya darasani. Mimi niko na mguu.”

Akaukanyaga.

Sasa hapo ndipo fizikia inapoacha kuchekesha. Chukua gari ambalo breki zake hupunguza mwendo kwa meta 5 kwa sekunde, kila sekunde. Likiwa na kilometa 36 kwa saa, husimama baada ya meta 10. Ukiongeza mwendo mara mbili, ukafika 72, halisimami baada ya meta 20 bali 40. Hapo sijahesabu sekunde moja ya mshangao wa shofere mwenye simu sikioni, ambayo peke yake inakula meta 20 nyingine. Ng'ombe aliye barabarani hasomi hesabu hizi.

Na faida yake? Kilometa 60 ukizikimbia kwa 80 badala ya 60, unaokoa dakika 15. Hatukuziokoa. Tairi la nyuma lilipasuka, na tairi la akiba lilikuwa chini ya kitanda cha bibi harusi, nacho kitanda kilikuwa chini ya unga. Wanaume tulipanda juu ya paa, wanawake wakatoa maelekezo, na bibi harusi akalia kila gunia lilipogusa godoro lake.

Mama wa Kikula alifika watu wameshanawa mikono na bukari imekwisha. Basi wewe msomaji, ukiwa na matanga au ndoa Likasi, usimwulize shofere anakimbia kiasi gani. Ondoka siku moja kabla.