Diski Iko Salama kwa Mama

Shemeji yangu haamini mtandao, anaamini flashi. Aliposikia kwamba picha za harusi yetu, hesabu za duka na kazi za chuo za Neema zote zimo kwenye kompyuta moja isiyo na nakala, alikwenda Kariakoo akarudi na kidude cha ukubwa wa kucha kilichoandikwa 2TB. Shilingi elfu kumi na tano. “Na hapo nimepunguziwa.”

Flashi za namna hiyo ni kama konda wa daladala: watu wamejaa hadi mlangoni, yeye bado anaita nafasi zipo. Chipu ya ndani ni ndogo, ila imepangwa kuidanganya kompyuta. Ukipitisha kiasi, faili mpya hukanyaga za zamani au hupotelea hewani, huku majina yote yakionekana kwenye folda, hadi siku utakapozifungua. Nikaitia kwenye H2testw, programu ya bure ya Kijerumani inayojaza flashi data za majaribio kisha kuzisoma upya. Nikaagiza GB 100 tu. Tulipomaliza kula, kioo kilikuwa kimejaa makosa. Shemeji akayasoma yote kwa makini. “Hiyo programu haijaizoea.”

Mama Neema ni wa mawinguni. Google wanatoa GB 15 bure, ila humo humo zinakaa picha, barua pepe na mafaili. Sisi tuna kama GB 200. Kwa laini inayopakia Mbps 2 siku ikiwa na afya, hiyo ni zaidi ya siku tisa usiku na mchana, umeme usikatike. Bando tusilizungumzie. Halafu kuoanisha vifaa si kuweka nakala: kitinda mimba wetu alifuta picha kwenye simu apate nafasi ya gemu, nazo zikafutika hadi huko juu, kwa utii wa ajabu. Tulizifukua kwenye kapu la taka la Google Photos, ambalo huzishikilia siku 60.

Kwenye programu ndipo kila mtu ana dhehebu lake. Jirani mwenye Mac anahubiri Time Machine, aliyonayo bure tangu Apple walipoileta 2007. Kijana wa steshenari ananipigia debe Duplicati, inayofunga nakala kwa nywila. Nikamuuliza nywila yenyewe kaiweka wapi. “Ipo humu humu kwenye kompyuta, kaka, nimeiandika.”

Mimi nikachukua File History iliyomo ndani ya Windows. Unachomeka eksteno, unaiwasha, nayo inanakili kila saa vilivyobadilika kwenye nyaraka na picha, na matoleo ya zamani inayatunza. Haina mbwembwe. Programu inayongoja mimi nikumbuke siitaki.

Lakini umeme ukirudi kwa kishindo, kompyuta na eksteno iliyochomekwa zinaweza kwenda pamoja. Ndiyo maana ya kanuni ya 3-2-1 iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh: nakala tatu, vifaa vya aina mbili, moja ikae mbali. Hiyo ya mbali iliwaokoa Pixar. Mwaka 1998 amri moja ilifuta sehemu kubwa ya Toy Story 2, bakapu za ofisi zikakutwa hazifai, na filamu ikapatikana nyumbani kwa Galyn Susman, aliyekuwa akifanyia kazi huko kwa sababu ya mtoto mchanga.

Mbali yetu sisi ni Morogoro, kwa mama mkwe. Eksteno ya pili ilikwenda imefungwa kwenye khanga, ikawekwa kabatini na vyombo vya wageni. Juzi nikapiga simu niifuate, niongeze vipya.

“Shikamoo mama. Ile diski iko salama?”

“Marahaba baba. Iko salama, tena mtaa mzima unaifurahia.”

Kijana wa banda la muvi alikuwa amewawekea tamthilia ya Kituruki, iliyotafsiriwa vizuri kabisa. Nafasi haikutosha, akapunguza.

“Alitoa zile picha zisizocheza,” mama akanifafanulia. “Ukija, baba, tuletee sehemu ya pili.”