Terabaiti za Shemeji

Hapa Makina, mtaani Kibra, kila mtu ni fundi. Ukifungua laptopu kwenye benchi la nje ya kinyozi, haijamaliza kuwaka umeshapata mtaalamu wa betri, bingwa wa skrini, na kijana mmoja ambaye dawa yake kwa kila ugonjwa ni ile ile: "Piga fomati, mzee."

Fomati ndiyo niliyokuwa naikimbia. Ndani ya laptopu yangu mna video za harusi za Wanubi wa mtaa huu, mabibi wamejifunga gurbaba, na mtu akipoteza harusi ya watu hapa, bora ahamie Kawangware usiku. Nikaamua kuifanyia SSD, yaani diski ya laptopu, bakapu yote kwa mpigo. Windows ikagoma: nafasi haitoshi. Natazama, zaidi ya nusu ya diski iko wazi.

Diski hukatwa vipande viitwavyo patisheni, na jedwali lililoandikwa humo husema kila kipande kinaanzia wapi na kuishia wapi. Ndiyo hati ya shamba. Na hati tunaijua sisi: Wanubi, kizazi cha askari wa King's African Rifles waliotoka Sudan, walikaa Kibra miaka na miaka bila karatasi, hadi 2017 walipopewa hati ya jamii ya ekari 288. Sasa katika ploti yangu, nyuma kabisa, kulikuwa na kichumba cha mwenye nyumba: patisheni ya uokoaji, isiyofika megabaiti 500. Windows hutaka megabaiti 50 ziwe tupu hata humo kabla haijaanza kunakili mfumo. Vyumba vikubwa vinapigwa na upepo, kichumba kimejaa masanduku, basi shughuli yote imesimama.

"Si nilisema fomati?" akauliza kijana. Nilimpa hela akanunue chai, mbali.

Nikamega chumba jirani kidogo, nikakipanua kichumba, makosa yakaisha. Ikabaki mahali pa kuweka nakala, na hapo ndipo alipoingia shemeji. Alikuwa ameniletea zawadi, diski ya nje ndogo kama kiberiti, imeandikwa terabaiti 2. Bei aliyoitaja ilinitia wasiwasi, lakini zawadi ya shemeji haikaguliwi mbele ya mke.

Diski ikaanza kunieleza mambo ya ajabu: jedwali limeharibika, patisheni haisomeki. Nikitengeneza, linaharibika tena. Benchi likagawanyika. Kinyozi alilaumu stima. Bibi mmoja aliyekuja kuulizia video ya mjukuu wake alitaka kujua tu: "Mwanangu, harusi bado imo?" Nikamwambia imo. Akakaa papo hapo kuhakikisha.

Jedwali la siku hizi, GPT, huwekwa nakala mbili, moja mwanzoni mwa diski na nyingine mwishoni kabisa, ili moja ikifa nyingine iokoe. Ni busara kubwa. Ila mwisho wa diski ya shemeji haukuwepo. Nikaipitishia H2testw, programu ya Wajerumani inayojaza diski data kisha kuisoma tena kuona kama kilichowekwa ndicho kinachotoka. Kilichotoka kilikuwa gigabaiti 32 na ushei. Zilizobaki zilikuwa hewa. Mjanja fulani aliifundisha chipu kudanganya ukubwa wake, nayo inapokea kila unachoipa kwa adabu zote, halafu kinachozidi inakitupa. Hata viwanja hewa vya Nairobi angalau unaonyeshwa kichaka.

Harusi nimezihamishia kwenye diski mbili nyingine, na moja inalala nyumbani kwa dada yangu. Shemeji bado huuliza kama zawadi yake inafaa. Huwa namjibu inafaa sana, maana inahifadhi kaswida zangu zote bila shida.

Ndugu msomaji, ukiuziwa terabaiti kwa bei ya kilo mbili za nyama, ijaze kwanza mpaka pomoni na uisome tena, ndipo uikabidhi harusi ya mtu. Na kijana wa fomati akija, mpe hela ya chai.