Mshale wa Mama wa Chai

Tangu Jumatatu iliyopita, fundi hapiti tena lango kuu la kiwanda. Huzungukia nyuma, penye tope na mbwa, ili tu asionane na mama wa chai.

Chanzo ni pampu aliyopewa kufunga, ya maji ya kupozea mitambo, katika kiwanda hicho nje ya mji wa Kakamega. Kwa siku nne fundi alikuwa amefunga mabomba kama anayeshona gauni la bibi harusi. Valvu ya kuzuia maji kurudi ilikaa kati ya pampu na geti-valvu, ili ikiharibika geti ifungwe nayo itolewe bila kumwaga bomba zima.

Kimo cha pampu juu ya maji ndicho alichojivunia zaidi. Pampu haivuti maji, alimweleza meneja. Ni uzito wa hewa ya nje unaoyasukuma yapande. Mombasa, usawa wa bahari, hewa huweza kuyainua mita 10 na kitu. Kakamega iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo hata kwa hesabu tupu hayafiki mita 9, na mwenye akili haendi zaidi ya 6. Yeye alikuwa ameweka 4. Ungemsikia ungedhani angahewa aliitundika mwenyewe.

Akawasha. Mota ikanguruma vizuri. Maji yakatoka kama ya mfereji wa mtaani Januari.

Akashuku hewa inaingia: akafungua boliti zote za upande wa kuvuta, akabadilisha gasketi mbili. Akashuku futi-valvu: kijana wa mazoezini akaitoa majini, akaipangusa, akairudisha. Akashuku waliouza pampu. Saa saba mchana mama wa chai akaingia na birika, akainamisha kichwa.

“Fundi mwanangu, huu mshale mwekundu unaonyesha huku. Mbona hicho chuma kinazunguka kule?”

Hapo ndipo penye hila ya pampu ya aina hii. Ungetarajia ikizunguka kinyume iyarudishe maji yalikotoka. Wapi! Impela huyatupa maji nje kama gurudumu la boda linavyorusha tope la Aprili: mbele au nyuma, tope ni la kwako. Maji huupata mlango wa kutokea, ila machache na manyonge. Ndiyo maana kosa hili hujifanya gasketi, hujifanya futi-valvu, hujifanya kila kitu isipokuwa lenyewe.

Fundi akakohoa. Stima ya viwandani huja kwa nyaya tatu. Hamisha mbili, mota itageuka. Akazima, akahamisha mbili zinazoingia kwenye kidhibiti-mwendo, akawasha. Mshale huku, chuma kule. Akahamisha nyingine. Kule kule.

Kidhibiti-mwendo hakipitishi stima kama kilivyoipokea. Huipata ikipanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, huinyoosha iwe kama ya betri, kisha huikatakata upya kwa kasi unayotaka wewe. Mpangilio wa nyaya za kuingia hufia humo ndani. Za kuhamisha ni zile zinazotoka kwenda kwenye mota. Na ni kifaa cha maajabu: pampu inayopambana na msuguano wa mabomba tu, ukiishusha hadi asilimia 80 ya mwendo wake, hula karibu nusu ya nguvu. Haya yote fundi aliyajua. Aliyakumbuka saa tisa na nusu, mama akiwa bado amesimama na birika.

Aibu haikuishia hapo: Jumanne alifunga geti-valvu kwa pupa, bomba likagonga hadi karani akatoka mbio. Jumatano alisahau spana ndani ya chujio.

Ijumaa malipo yalikuja yakiwa yamekatwa siku nzima ya Jumatatu. Hilo halichekeshi. Fundi alijifunza kazi Mumias, kiwanda kilichoanza kusaga miwa 1973 na kuwekwa chini ya mrasimu 2019. Kule pampu ikigoma, zamu nzima ilikuna kichwa. Siku hizi ni kibarua cha wiki: hesabu ya mita 4 hailipiwi, mshale unakatwa, na aliyenunua pampu bila kuuliza kimo wala urefu wa bomba ana mshahara wake kamili.

Jana alimtuma kijana akamletee chai. Kijana alirudi na kikombe, na swali kutoka kwa mama: sukari ikorogwe kuelekea upande gani?