Baiskeli Isiyo na Keria

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeanza kwenda kazini kwa baiskeli ya mbio. Niliinunua Jumamosi kwa mtu aliyeishusha kwenye treni ya Tabora. Ina usukani uliojikunja kama pembe za kondoo dume, magurudumu membamba, na jina lililofutika likabaki herufi mbili. Muuzaji alisema ilikuwa ya Mzungu. Sikuuliza Mzungu aliiachia nini.

Kutoka nyumbani Kawajense, hapa Mpanda, mpaka shuleni ni dakika kumi na tano kwa miguu. Leo, kwa baiskeli, nimetumia ishirini na mbili. Usukani ni mgumu. Ukiugeuza unabaki hapo hapo mpaka uurudishe mwenyewe, na ukiurudisha unapitiliza. Nimekwenda kwa mwendo wa nyoka njia nzima. Karibu na soko nilimkwepa mama anayeuza migebuka, naye akanikwepa mimi, tukakutana. Nimelipia migebuka watatu. Jioni tumekula migebuka.

Wakati narudi, mama mwenye nyumba alikuwa amesimama getini. Aliniangalia nikija: kushoto, kulia, kushoto, kwenye maua yake. Nikamwamkia. Akaitika marahaba taratibu, huku akivuta pumzi kwa pua.

Jumanne, 5 Agosti

Mwalimu wa Hesabu amesema ni upepo. Tairi la mbele likiwa laini hung'ang'ania barabara na usukani huwa mzito. Ni kweli, nimelibonyeza kwa kidole likabonyea. Shida ni kwamba mdomo wa mpira wa baiskeli hii ni mwembamba, pampu za mtaani zinaupwaya. Kijana mmoja alikata kipande cha mpira wa zamani, akauvalisha, akasukuma upepo kwa dakika tisa huku watu wakihesabu. Tairi limekuwa gumu kama jiwe.

Sasa vigumu ni viwili, tairi na usukani.

Jumatano, 6 Agosti

Mimi ni mwalimu wa Fizikia, kwa hiyo leo nimefanya jaribio. Saa ya mapumziko niliishika baiskeli kwa bomba la juu nikanyanyua gurudumu la mbele. Usukani ukiwa mzima, ukiinamisha baiskeli kidogo upande mmoja, gurudumu huanguka lenyewe upande huo kwa uzito wake, bila kuguswa. La kwangu nililielekeza kwenye dirisha la mkuu wa shule. Nikainamisha baiskeli. Gurudumu likaendelea kutazama dirisha la mkuu wa shule. Mkuu wa shule naye akatokea, akalitazama gurudumu.

Wanafunzi walikuwa wameshajaa. Mmoja wa Kidato cha Pili akauliza kama hiyo ndiyo inesha. Nikamwambia huo ni msuguano. Akaandika kwenye kiganja.

Ofisini nimewaeleza wenzangu kwa nini ninayumba, maana kuna maneno. Watu hudhani baiskeli hunyooka kwa kushikiliwa inyooke. Hapana. Ikianza kulalia kushoto, usukani nao hugeukia kushoto kidogo, magurudumu yakaifuata na kuirudisha chini ya mpandaji. Halafu kulia, halafu kushoto tena, mara nyingi sana, kidogo kidogo, wewe hata huhisi. Mwaka 2011 watafiti kutoka Uholanzi na Marekani walitengeneza baiskeli ya majaribio isiyo na mtu, wakaondoa hata ile nguvu ya magurudumu kuzunguka ambayo vitabu vingi huisifia, na bado ikajisimamisha yenyewe kwa kugeuza usukani wake. Kwa hiyo usukani ukigoma kugeuka kidogo, mpandaji analazimika kuugeuza sana, na ndipo huyumba. Anayeyumba si mimi, ni msuguano.

Mwalimu wa Kiswahili akasema sawa, lakini kwa nini niyumbe jioni zaidi kuliko asubuhi. Nikasema jioni nimechoka. Hakuandika popote.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimekwenda kwa fundi wa karibu. Hakuifungua. Alimimina mafuta ya taa pale shingoni ambapo usukani unaingia kwenye fremu, akafuatisha oili chafu ya gari, akalegeza nati kubwa ya juu, akauzungusha usukani mara kumi. Ukawa laini. Nimelipa 1,000, nikaondoka nimenyooka kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Kwenye mteremko nikashika breki ya mbele. Ikasema ko.

Nikashika tena. Ko. Nikarudi kwa fundi.

"Ugumu si umekwisha?" akauliza.

Umekwisha.

"Basi hiyo ko ni kitu kingine. Hiyo nayo elfu moja."

Nilitaka kumweleza kwamba ni nati ileile aliyoilegeza. Ukishika breki ya mbele ukasukuma baiskeli mbele na nyuma, shingo iliyolegea hucheza na kugonga, na gololi za ndani hupigwa kama nyundo kila unapovuka shimo. Lakini alikuwa ameanza kula.

Kufika nyumbani, vumbi la Agosti lilikuwa limeshakunywa oili yote. Sasa ina ugumu pamoja na ko.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, hakuna shule. Wenye mahindi na alizeti za kuonyesha wamekwenda Mbeya. Mimi nimebaki uani na spana moja na plaizi.

Kazi hii inataka spana mbili: moja ishike pete ya chini isizunguke, nyingine ikaze nati ya juu juu yake. Ukiwa na moja, nati ikikaza inaiburuza na pete, na usukani unafungwa kama jela. Nilikaza: mgumu. Nililegeza: ko. Nilikaza robo mzunguko: ukiuelekeza usukani mbele moja kwa moja unacheza, ukiupeleka pembeni ni mgumu. Hapo nikaelewa kwamba tatizo halipo kwenye nati, lipo ndani. Niliyaelewa haya saa nane mchana, baada ya kuanza saa tatu asubuhi.

Saa kumi mama mwenye nyumba alipita na wenzake wa kikundi cha maombi. Mimi nilikuwa nimekaa chini, nimekumbatia gurudumu, mikono myeusi, nikiongea peke yangu.

"Mwalimu," akasema kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake hata nikilipa kodi mapema, "sisi tutakuombea."

Nikamshukuru. Nilidhani ni kwa ajili ya baiskeli.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimeikokota mpaka kwa mzee mmoja mwenye kijiwe chini ya mwembe, upande wa stesheni. Reli hii ya kilomita 210 kutoka Kaliua hadi hapa Mpanda ililetwa enzi za mkoloni kwa ajili ya madini ya risasi. Mgodi ulifungwa, treni ikaendelea kuja, na leo inaleta pamoja na mengine baiskeli za aina yangu.

Mbele yangu palikuwa na baiskeli tatu za kubebea mkaa, zimefungwa mbao na mipira ya matairi, keria zimechomelewa nondo. Zamu yangu ilipofika, mzee aliizunguka ya kwangu mara moja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Keria yake iko wapi?"

"Haina keria."

"Sasa inabeba nini?"

"Inanibeba mimi."

Akanitazama toka juu mpaka chini, kama anayekadiria gunia. "Na wewe ukifika, unakuwa umebeba nini?"

Nikasema daftari. Akatikisa kichwa akachukua spana. Mbili.

Aliachia kwanza waya wa breki, akaujaribu usukani bila waya, kwa sababu waya mfupi nao huvuta usukani ukadhani ni shingo. Haukuwa waya. Akafungua nati, akavuta uma mpaka chini, akanionyesha. Grisi ya zamani ilikuwa imekauka ikawa ukoko, rangi ya chungu cha maharage. Akaikwangua kwa kijiti. Chini ya ukoko kulikuwa na pete ya bati inayoshikilia gololi, na mzee akaanza kucheka bila sauti, mabega tu.

Pete ilikuwa imewekwa juu chini. Gololi zilitakiwa zitazame kikombe na koni, na badala yake bati ndilo lililokuwa linakwaruzana na chuma. Aliyeifunga alikuwa fundi wa awali, huko ilikotoka, au Mzungu mwenyewe. Ndiyo sababu ilikuwa ngumu ikikazwa na inagonga ikilegezwa: haikuwa na mahali pa kutulia.

Halikuwa hilo tu. Kwenye koni kulikuwa na vishimo vidogo, vimepangana duara. Mzee akaniambia nipitishe ukucha. Ukucha ukaruka, tik, tik, tik. Gololi za shingo hazizunguki kama za gurudumu, hukaa palepale zikipigwa na barabara, na mtu akienda moja kwa moja miaka mingi gololi huchimba vitanda vyake zikalala humo. Usukani ukifika katikati unadumbukia na kukataa kutoka.

Koni ya kipimo hicho Mpanda haipo. Mzee akatupa pete za bati, akapaka grisi mpya, akapanga gololi mojamoja kwa ncha ya kidole mpaka mduara ukajaa, kisha akaondoa moja ili zipate nafasi ya kupumua. Zikiwa huru na zikiwa nyingi, haziwezi zote kulala kwenye vitanda vya zamani kwa wakati mmoja. Akafunga, akashika pete ya chini kwa spana moja, akakaza nati kwa nyingine. Akanyanyua gurudumu, akainamisha. Likaanguka upande kama kichwa cha mtoto aliyesinzia.

Elfu tano. Gololi iliyobaki akaniwekea kiganjani.

Jumapili, 10 Agosti

Nimekwenda Sitalike kutazama viboko, jambo ambalo ndilo lililonifanya ninunue baiskeli. Ni karibu kilomita 40 za lami. Kwenye kona ya kwanza, kabla sijatoka mjini, mikono yangu ikageuza usukani kwa nguvu iliyoizoea wiki nzima, na usukani ukakubali. Nikaingia mtaroni. Mtoto mmoja akaniamkia nikiwa humo.

Mto Katuma umepungua kama kawaida ya kiangazi, na viboko wamebanana kwenye tope wakilaliana. Nimewatazama dakika arobaini. Mmoja aligeuza shingo, na haikusema ko.

Nikiwa nimepanda kurudi, tairi la nyuma lilipata pancha, na mdomo ni uleule mwembamba. Nimerudi kwa basi. Konda aliifunga baiskeli juu, akanitoza nauli ya mzigo, akauliza keria yake iko wapi.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeziba pancha alfajiri, nikaenda shule na kurudi nimenyooka mstari mmoja. Dakika saba. Mama wa migebuka aliniona akahamisha beseni kwanza, halafu akalirudisha.

Mama mwenye nyumba alikuwa getini. Alinitazama toka kona ya mwisho mpaka nikasimama mbele yake bila kugusa ua hata moja. Akafuta macho kwa ncha ya khanga.

"Ijumaa tumeomba," akasema. "Leo Jumatatu. Siku tatu tu, mwalimu!"

Nikamwambia kulikuwa na pete iliyowekwa juu chini.

"Adui ana njia nyingi," akasema.

Anataka Ijumaa hii niende kwenye kikundi nikatoe ushuhuda. Nimeuliza ni wa dakika ngapi. Amesema wowote Mungu atakaonipa. Nimekubali, nitakwenda na ile gololi moja, isije ikawa wanataka na ushahidi.