Unabeba Nini?

Fundi aliuliza swali moja tu: "Kaka, unabeba nini?"

Ilikuwa asubuhi, kwenye gereji moja ya Arusha, jiji ambalo mafundi wake hukata Land Cruiser katikati, wakairefusha, wakaiwekea paa la kufunguka ili watalii wamwone simba bila kushuka. Kwa watu wa namna hiyo, kuinua Prado ya mwaka 2004 kwa inchi mbili ni kazi ya kumalizwa kabla ya chai ya saa nne. Ila kwanza walitaka jibu.

Mwenye gari, ambaye ndiye mwandishi wa makala haya ingawa kwa leo angependa atajwe kwa mbali, alikohoa. Ukweli ni kwamba gari lake hubeba mke, watoto wawili, mabegi ya shule na, kila Jumamosi, mkungu wa ndizi kutoka Moshi. Lakini usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amekesha akitazama video za Rhino Charge, yale mashindano ya Kenya yaliyoanza mwaka 1989. Humo magari hupewa saa 10 kupita vituo 13 porini, na mshindi si mwenye mbio bali aliyetembea umbali mfupi kuliko wenzake. Maana yake ni kukata moja kwa moja: korongo lishuke, jabali lipande. Mtu aliyetazama mambo hayo hadi saa nane za usiku hawezi kufungua kinywa akasema "ndizi".

"Hema la juu," alijibu. "Friji. Winchi. Tairi mbili za spea. Madumu manne ya mafuta, na maji."

Fundi alimtazama kuanzia kofia hadi ndala. "Muda wote?"

"Muda wote."

Uongo huo ndio uliosababisha kila kitu kilichofuata, kwa sababu springi huchaguliwa kwa uzito kabla ya urefu. Inchi mbili ni zilezile, sentimita tano, lakini ipo springi ya gari linalotembea tupu, ipo ya mzigo wa wastani, na ipo ile nene ya gari lililosheheni saa zote. Fundi, mtu mwaminifu, alipendekeza pia njia rahisi: spesa, kipande kigumu kinachopachikwa juu ya springi ileile ya zamani. Bei yake ni ndogo, ila shokapu hubaki na nafasi finyu ya kunyooka, na kwenye mashimo hugonga mwisho wake mapema. Mwenye gari alikataa kwa dharau. Gari la kiume, alisema, halivalishwi mchuchumio.

Akafungiwa springi nene.

Jioni gari lilisimama uani kama jogoo aliyeshinda pambano. Nyuma lilikuwa limepanda sentimita nane badala ya tano, maana hapakuwa na friji wala hema la kulikalisha. Jumamosi ikaja safari ya Moshi, kilomita 80 hivi, lami tupu, na matuta. Enyi mliowahi kupita Tengeru na Boma Ng'ombe, mnayajua matuta. Kwenye tuta la kwanza watoto walicheka. La tatu, mdogo aliomba kushuka. Wakati wa kurudi, mkungu uliopakiwa ukiwa mzima ulifika nyumbani ukiwa ndizi moja moja.

Dawa aliibuni mwenyewe: mifuko mitatu ya saruji kwenye buti, kilo 150. Gari likatulia. Kwa maneno mengine, alinunua springi za mzigo, kisha akanunua mzigo wa springi.

Mengine yalikuwa madogo madogo. Taa za mbele zilikaa juu zaidi, madereva wa mabasi wakawa wanampigia full njia nzima. Tairi za mbele zikaanza kulika upande mmoja hadi alaimenti iliporudiwa. Akaongeza na matairi: alitoka kwenye 265/65 akaingia 265/70, ringi ileile ya 17. Tairi kubwa huenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, na spidomita haina habari. Kwa hesabu, inaposoma 50 gari liko karibu 52. Trafiki aliyekuwa na tochi yake kwenye kibao cha 50 alisoma 54. Mwenye gari alianza kueleza habari za kipenyo. Kwa haki, kilomita mbili zilikuwa za matairi. Mbili nyingine zilikuwa za mguu wake.

Halafu likaja jiwe. Sababu hasa ya mradi huu wote ilikuwa jiwe moja kwenye njia ya kutoka Mto wa Mbu kwenda Engaresero, upande wa Ziwa Natron, lililomgonga chini mwaka uliotangulia. Sasa alirudi kulipiza. Alilikaribia taratibu, mkono dirishani, uso umetulia. Likagonga palepale.

Alipolala vumbini kuchungulia ndipo alipoelewa. Ekseli ya nyuma ya Prado ni bomba moja gumu lenye difu katikati, na hukaa juu ya matairi, si juu ya springi. Springi huinua bodi: milango, viti, dereva na majivuno yake. Difu hubaki pale ilipokuwa. Kinachoipandisha ni tairi peke yake, tena kwa nusu tu ya ongezeko la kipenyo, kwa kuwa ekseli hupita katikati ya gurudumu. Kwa ukubwa aliouchagua, hiyo ni milimita 13. Unene wa kidole.

"Mbona hukuniambia?" alimpigia simu fundi.

"Hukuniuliza, kaka. Uliniambia friji."

Alirudi mjini na vumbi la volkano hadi ndani ya masikio. Kijana wa kuosha magari, kwa bidii ya kazi, alifungua buti akapiga maji kwa presha. Saruji ilipata ilichokuwa ikikingoja. Kesho yake mifuko mitatu ilikuwa majabali matatu.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu ya kumleta mama mkwe. Alisimama Moshi kando ya mlango, ametanda khanga, akatazama sakafu ya gari iliyokuwa juu ya magoti yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kumbe na magari nayo hukua?"

Tatizo lilikuwa zito kuliko difu. Mkwe hamshiki mama mkwe kiunoni akamnyanyua. Bora abaki Moshi. Kigoda hakikuwapo, majirani walikuwa wameanza kutoka nje, na mke alitazama pembeni huku mabega yakimtikisika. Mwenye gari alizunguka nyuma, akakumbatia jabali moja la saruji, kilo 50 na maji yake, akalivuta hadi mlangoni, akalilaza.

Mama mkwe alikanyaga, akapanda, akaketi, akaweka khanga sawa. Kisha akachungulia chini, akamwona mkwewe akihema, ameinama kulinyanyua tena.

"Na hilo jiwe nalo huwa unalibeba?"

"Ndiyo, mama. Muda wote."