Yah: Ombi la Umma Kuruhusiwa Kuhudhuria Afya ya Umma

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Mihadhara na Maadhimisho ya Afya,
Chuo Kikuu (jina linahifadhiwa, kisije kikasifiwa peke yake),
Dar es Salaam.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Wakazi wa nyuma ya ukuta wa chuo, wakiwemo mama lishe, madereva wa bodaboda na wapangaji wa vyumba vya uani, wameipokea kwa furaha ratiba ya mihadhara ijayo iliyobandikwa getini. Wameisoma kwa kusaidiwa, maana ni Kiingereza kitupu, ila tarehe wamezielewa wenyewe. Malaria itashughulikiwa tarehe 25 Aprili. Kunawa mikono ni 15 Oktoba. Choo kimepangiwa 19 Novemba, na Ukimwi, kama ilivyo ada, 1 Desemba. Kifua kikuu kimepewa 24 Machi, kwa heshima ya Robert Koch aliyewatangazia wenzake mjini Berlin siku hiyo mwaka 1882 kwamba amekipata kijidudu chake. Wakazi wanaipongeza Kamati kwa mpangilio unaompa kila mgonjwa muda wa kujiandaa. Kasoro ndogo ni kwamba nakala ya ratiba haijawafikia mbu.

Anofelesi, mbu anayeeneza malaria, kwa mfano, hupendelea usiku. Kamati imempangia saa nne asubuhi, katika ukumbi wenye kiyoyozi, watu wakiwa wamevaa suti. Ni mkakati ambao adui hawezi kuutarajia. Aedes, yule wa dengue aliyelitesa jiji hili mwaka 2014 na tena 2019, yeye angalau anafuata saa za ofisi: hung'ata mchana. Hutaga kwenye maji yaliyotuama, iwe ndani ya tairi bovu, kifuu cha nazi au kisahani cha chungu cha maua, na joto likimkubali, yai huwa mbu kamili ndani ya siku kama kumi. Kwa kulijua hilo, Kamati hupanga vyungu vya maua kuanzia mlangoni hadi jukwaani, kila kimoja na kisahani chake kilichojaa maji. Wahudumu wa ukumbi wanashuhudia kuwa Aedes ndiye mdau pekee anayekaa tangu ufunguzi hadi neno la shukrani.

Wadau wengine huondoka baada ya chai.

Hapa wakazi wanaomba kutoa pongezi za pekee kwa siku ya magonjwa yasiyoambukiza. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba katika Watanzania wa umri wa miaka 25 hadi 64, karibu mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu, na tisa hivi katika kila mia wana kisukari. Takwimu hizo husomwa kwa uchungu. Kisha huja mapumziko: sambusa, maandazi, soseji, na soda mbili kwa kila kichwa. Soda moja ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 30 za sukari, na Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima asivuke gramu 50 hivi kwa siku, ikiwezekana aishie 25. Mjumbe wa kongamano anazimaliza kabla ya saa sita mchana. Huenda ndiyo maana mhadhara wa mchana haukosi mifano hai.

Kamati inampenda sana Dk. John Snow, Mwingereza wa kipindupindu, na picha yake haikosekani kwenye slaidi ya pili. Wakazi nao wamejitahidi kumsoma. Mwaka 1854 Snow alizunguka nyumba kwa nyumba katika mitaa ya Soho, London, akiuliza marehemu alikuwa akiteka maji wapi, na majibu mengi yakaelekea kwenye pampu moja ya Broad Street. Tarehe 7 Septemba alifika mbele ya kamati ya parokia na maelezo yake. Kesho yake mpini wa pampu ulipong'olewa, wengi wa wajumbe walikuwa bado hawajakubaliana na nadharia yake. Ni kweli kwamba ugonjwa ulikwishaanza kupungua, kwa kuwa watu wengi walikuwa wamekimbia, na Snow mwenyewe hakulificha hilo. Kinachowashangaza wakazi ni mwendo wa kikao. Hakikuwa na kaulimbiu, hakikuwa na tisheti, mgeni rasmi hakusubiriwa saa moja na nusu, na bado kilitoa azimio lililoweza kutekelezwa kwa bisibisi. Maazimio ya chuo, kwa upande mwingine, mwaka juzi yalikuwa ya kuhamasisha, mwaka jana ya kuimarisha, na mwaka huu, kwa tetesi zilizopo, yatakuwa ya kuendelea kuimarisha.

Wala si lazima kwenda London. Wazee wa mtaa huu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na wanaikumbuka kwa vitu vinavyoshikika: redio ya mkulima, kijitabu, na jembe. Vikundi vilikutana kila wiki, vikasikiliza kipindi cha Redio Tanzania, vikasoma sura ya kijitabu, vikabishana, kisha vikaamua la kufanya kabla ya kukutana tena. Wiki ya malaria watu walifukia madimbwi na kufyeka majani kuzunguka nyumba. Zamu ya kichocho na minyoo ilipofika, walichimba vyoo. Takriban watu milioni mbili walishiriki, na hesabu ya vyoo vilivyochimbwa ilikwenda kwenye mamia ya maelfu. Tathmini yake ilikuwa rahisi: mkaguzi alihesabu mashimo. Na tafadhali Kamati izingatie jambo hili moja, kwa kuwa linagusa heshima ya wasomi: kampeni ile iliratibiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima wakati ikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kumbe chuo kinaweza. Kiliwahi kutoka nje ya geti na hakuna profesa aliyeripotiwa kuyeyuka.

Kampeni ile haikumaliza magonjwa, na vyoo vingi vilibomoka baadaye. Agosti 2015 kipindupindu kilianzia Dar es Salaam, kikasambaa karibu Tanzania Bara nzima, na kabla ya mwaka kwisha tangu kuanza kilikuwa kimewapata zaidi ya watu 20,000. Hakikuhitaji kipaza sauti. Kilihitaji maji machafu na mikono isiyonawiwa, mahitaji ambayo getini pa chuo yanapatikana bure.

Kuna chemba ya hosteli ambayo mvua ikinyesha hufurika, na maji yake hupita mbele ya meza za mama lishe, wanakokula wanafunzi wa chuo hicho hicho, baadhi yao wakisomea afya ya jamii. Mwaka 2020, wakati wa Korona, chuo kiliweka ndoo kubwa yenye koki hapo getini, pamoja na sabuni ya maji, na mlinzi hakumruhusu mtu kupita bila kunawa. Sabuni ilitangulia kuondoka. Koki ikafuata. Ndoo imebaki, na mlinzi huhifadhi mwavuli wake humo. Tarehe 15 Oktoba, wakazi wanaamini, itafunikwa kwa bango lenye picha ya mikono inayotoa povu.

Kwa sababu hizo, wakazi hawaombi mihadhara ifutwe. Wanaomba mmoja tu ufanyike nje, kwa Kiswahili, saa kumi na mbili jioni, Anofelesi anapoanza zamu na watu wenye kazi wanaporudi. Fedha za bango zinunue koki, na zikibaki, mfuniko wa chemba. Mama lishe wamekubali kupika, kwa bei ya kawaida, wali maharage na mchicha, na maji ya kunywa yatachemshwa. Soda haitakuwepo. Vijana wa bodaboda watafunga kibuyu chirizi cha kunawia mikono penye mti, chenye kipande cha sabuni kwenye kamba, endapo Kamati itapenda kuona teknolojia hiyo kabla ya kuiandikia andiko la mradi.

Itifaki itazingatiwa. Mgeni rasmi, yeyote atakayechaguliwa, atapewa chepeo badala ya mkasi wa kukata utepe, na atafungua mtaro kwa maana halisi ya kufungua. Posho haitatolewa. Wajumbe wanaombwa kuja na viatu vya mvua, na wenye vyungu vya maua wamwage visahani kabla ya kutoka ofisini.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wakazi wa Nyuma ya Ukuta.

Nakala: Idara ya Majengo, kwa utekelezaji wa ile chemba.