Mkutano Uliofunga Barabara

Tangazo lilibandikwa kwenye nguzo ya umeme, mhuri wa serikali ya mtaa ukiwa umepigwa upande: mkutano wa wakazi wote, Jumamosi saa 3 asubuhi, ajenda moja, kufungua barabara ya mtaa ili magari yapite hadi barabara kuu. Chini yake mtu akaongeza kwa kalamu, "Kwanza mtuzolee taka."

Wenye Dar es Salaam yao wanajua hili limetoka wapi. Tangu uanze ujenzi wa mwendokasi awamu ya nne, ile ya kwenda Mwenge hadi Tegeta, kila dereva amekuwa mpelelezi wa njia za panya. Kwetu wanaingia kwa matumaini makubwa, wanakata kona mbili, halafu wanakutana na mapipa mawili yaliyojazwa zege. Nani aliyaweka? Hakuna anayejua, ingawa kila mwaka yanapakwa rangi upya.

Tukisema barabara yetu ni tulivu, tusikilizwe kwa uangalifu. Alfajiri ni jiko la vitumbua. Mchana ni gereji, na ipo Corolla isiyo na injini ambayo imekaa pale mpaka kuku wameifanya nyumba ya uzazi. Alasiri ni uwanja wa mpira. Jumamosi ni ukumbi: turubai linafungwa ukuta hadi ukuta, sufuria za pilau zinapangwa katikati ya njia, na singeli inapigwa mpaka mabati yanaitikia. Kitu pekee ambacho barabara ile ilikuwa haijawahi kuwa ni barabara.

Mkutano ulianza saa 5, kwa sababu viti vya plastiki vilikuwa bado kwenye msiba mtaa wa pili. Na kwa kuwa jua lilikuwa kali, turubai likafungwa pale pale panapofungwa siku zote, ukuta hadi ukuta. Yaani tulifunga barabara ili tujadili kuifungua. Bajaji moja iliyokuwa imejipenyeza pembeni ya mapipa ikanasa katikati ya wananchi, abiria wake kapakata trei mbili za mayai. Dereva akapiga honi. Akaletewa daftari la mahudhurio. Akasaini.

Mzee mmoja, mstaafu wa bandari, alishika maiki kwanza. "Mheshimiwa mwenyekiti, mimi hoja yangu ni usalama wa watoto!" Makofi. Wakati huo huo wajukuu zake watatu walipita nyuma ya turubai, mshikaki kwenye bodaboda, wanampungia babu.

Akafuata mwenye nyumba, yule wa vyumba kumi na viwili. Alieleza kwa furaha kwamba barabara ikifunguka, kodi itapanda. Sijui alimtarajia nani ashangilie. Nusu ya mkutano ni wapangaji wake, na wale waliokuja kuunga mkono ufunguzi waligeuka wapinzani kabla hajarudisha maiki. Mama wa duka yeye alitaka magari yapite, lakini polepole, na yasimame. Dada mmoja akaja na pendekezo ambalo mimi mpaka leo naona lilikuwa la haki kuliko yote: ifunguliwe kwa sisi kutoka, wengine wasiingie. Mtendaji aliliandika kwenye muhtasari bila kucheka, na hapo nikajua kwa nini wengine tusingeweza kazi ile.

Tungeendelea mpaka magharibi kama si kijana wa barabara. Tangu 2017 njia kama zetu ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na kijana huyu alikuja akiwa na kizibao cha kung'aa, mpole, muda wote kakaa nyuma na soda yake. Alipopewa nafasi alisema sentensi moja tu. "Shikamooni wazee wangu, sisi tutaanza kwa kupima upana." Akatoa futi ya kamba mfukoni.

Nimewahi kuona watu wakinyamaza, lakini ule ulikuwa ukimya wenye hesabu ndani yake. Kila mtu alikuwa anapima ukuta wake kwa macho. Hakuna mkazi wa Dar asiyekumbuka Barabara ya Morogoro mwaka ule ule wa 2017, nyumba zilipobomolewa Kimara mpaka Kiluvya, jinsi mambo yanavyofuatana: kwanza futi, kisha rangi, kisha X ukutani, kisha katapila. Na kwenye X nako kuna rangi na rangi. Ya kijani unaweza kusubiri fidia. Nyekundu unaanza kutafuta pa kuhamishia makabati.

Baraza la mzee mstaafu lilivuka mtaro miaka mingi iliyopita. Ngazi za mwenye nyumba zinakanyagia barabarani. Duka la mama limesogea mbele kidogo kidogo, kila Idi hatua moja. Ghafla hatukuwa tena na wapinzani wala waunga mkono, tulikuwa jamaa wamoja. "Ifunguliwe tu ilivyo," akasema mzee. "Ilivyo, ilivyo!" mkutano ukaitikia. Mwenyekiti, ambaye ukuta wake umechomoza kuliko kuta zote, akaagiza suala la kupima liingizwe kwenye mengineyo. Mengineyo hatukuyafikia.

Tukapiga kura kwa mikono. Dereva wa bajaji alinyoosha yote miwili.

Sharti likawa moja, matuta, na tukakubaliana kujenga wenyewe kwa michango. Fundi alijenga kwa kukadiria. Tuta la kwanza lilitoka vizuri. La pili liko mbele ya kwa mzee mstaafu, ambaye alitoa mfuko mzima wa saruji na hakutaka hata kijiko kibaki. Gari la kwanza kufika pale lilikuwa la mwenye nyumba, anatoka kuonyesha watu jinsi mtaa ulivyofunguka. Likakaa na tumbo juu ya saruji, magurudumu ya mbele yanazunguka hewani, watoto wanadai elfu mbili ndipo wasukume.

Siku hizi fundi gari amehamishia boksi lake la spana jirani na tuta hilo, kaning'iniza na kibao cha "TUNAZIBA SAMPO, TUNACHOMEA EKZOSI". Mzee anamtoza kodi ya kivuli.